Mgonjwa wa figo haishiwi damu kwa kukosa rozela

Mhariri salaam,

Naandika kuhusu ile makala yenu ya vyakula vya kuongeza damu, biturut, rozela, matembele, maini na vinginevyo. Mama mjamzito kula matembele sina neno, ale tu. Ila mmeandika kana kwamba kila aliyeishiwa damu basi hali vizuri, na watu wakishasoma hivo wanafowadi kwenye magrupu ya ukoo, afu Jumamosi unashtukia shangazi huyo kaingia na dumu la rozela la lita tano, kamletea kaka yangu ambaye anasafishwa damu mara tatu kwa wiki.

Kaka figo zake zimefeli. HB yake, yaani kipimo cha wingi wa damu, inachezea kwenye 7, ikishuka zaidi lawama zote kwa wifi, eti hampikii mume wake. Wifi wa watu anapika mpaka basi!

Damu inatengenezwa kwenye uloto, ndani ya mifupa. Humo kuna seli shina, chache tu, na ndo chanzo cha damu yote, seli nyekundu, nyeupe, mpaka chembe sahani zinazogandisha damu ukijikata. Hizo seli shina hazijiamulii mambo, zinaishi kwa maagizo ya protini fulani, vichochezi vya ukuaji. Kuna kinachotoka kwa seli jirani humohumo kwenye uloto, kinazisaidia zisife, kuna trombopoetini inayotengenezwa zaidi na ini, hii inazilinda seli shina na pia ndo inaagiza chembe sahani zitengenezwe, na chembe sahani zenyewe zinainyonya, kwa hiyo zikiwa nyingi agizo linapungua lenyewe na zikiwa chache linaongezeka. Hakuna bosi wala kikao.

Sasa agizo la seli nyekundu linaitwa eritropoetini, wagonjwa wanaita epo, na kwa mtu mzima karibu yote inatoka kwenye figo. Figo zikihisi oksijeni imepungua zinamwaga epo nyingi (hii habari ya seli kuhisi oksijeni iliwapa wanasayansi Semenza, Ratcliffe na Kaelin tuzo ya Nobeli 2019). Epo ikifika kwenye uloto kazi yake kubwa haiko kwa seli shina zenyewe, iko kwa watoto wao walioshaingia njia ya kuwa seli nyekundu, inawazuia wasife. Manake mwili unazaa hao watoto wengi kuliko mahitaji, wanaokosa epo wanajimaliza wenyewe. Mtu mzima anatoa seli nyekundu kama milioni 2 kila sekunde na kila moja inaishi kama siku 120, sasa figo zikifeli pengo linazibwa na nani? Kumlundikia mtu huyo maini na biturut ni kama kurundika tofali saiti na fundi hayupo.

Na hii epo ilitafutwa kwa taabu jamani. Mwanasayansi Goldwasser kule Chicago aliipata safi mwaka 1977, na aliitoa kwenye mkojo, lita 2,550 za mkojo wa wagonjwa wa Japani ambao uloto wao ulikuwa umegoma. Ukifikiria inaleta maana, figo zao zilikuwa nzima zinaagiza damu usiku na mchana, uloto hauitikii, epo inazidi mpaka inamwagikia kwenye mkojo. Kwenye lita zote hizo akaambulia miligramu chache tu. Marekani wakairuhusu kama dawa 1989.

Saivi ni kasindano kadogo ila ni lazima kakae kwenye baridi na kasigande, kwa hiyo pale hospitali wakikosa tukaambiwa tukanunue nje, wifi anakazungushia kitambaa, anakatia kwenye chupa ya chai yenye barafu, anapanda nako daladala mpaka kitengo cha kusafisha damu. Madini chuma nayo lazima, bila hayo epo haifui dafu, ila kaka anatundikiwa kwa dripu. Na dozi ni ya daktari, sio "ongeza tu apone haraka", tafiti za 2006 zilionyesha kuilazimisha HB ya mgonjwa wa figo ipande kuzidi 13 hakumsaidii na kunaweza kumletea matatizo ya moyo. Hii ndo epo ileile iliyofanya Jemima Sumgong wa Kenya, bingwa wa marathoni wa Olimpiki ya Rio 2016, afungiwe kukimbia, maana kwa wanamichezo ni dawa iliyokatazwa.

Linalonikera zaidi ni potasiamu. Biturut, mchicha, matembele, madafu, parachichi, vyote vina potasiamu ya kutosha, figo nzima inaitoa kwenye mkojo, figo iliyofeli haiitoi, inajaa kwenye damu na moyo unaweza kusimama ghafla. Kaka mboga za majani anakula kidogo, zimechemshwa maji yakamwagwa. Juisi ya biturut glasi mbili kwa siku kama mlivyoshauri nyie, kwake ni hatari kuliko hiyo HB ya 7.

Naomba toleo lijalo muweke hata mistari mitatu, kwamba mgonjwa wa figo asiguse hiyo orodha kabla ya kuongea na daktari au mtu wa lishe pale anaposafishwa damu, na HB ikishuka aulizie kwanza sindano na madini chuma. Muiweke ukurasa uleule, herufi kubwa, maana shangazi hasomi maandishi madogo.

Msomaji wenu,
Mbagala, Dar es Salaam