Barua ya wazi kwa Gavana wa Kaunti ya Kilifi: babu yangu anapaka piko

Mheshimiwa Gavana,

Kila ninaporudi Ganze kutoka Mombasa, babu huniagiza sukari, tumbaku na piko. Piko ni rangi nyeusi ya nywele. Mara ya mwisho nilimketisha kwenye kigoda chini ya mwembe, nikakoroga ule unga kwenye kifuniko cha kopo, nikampaka kwa mswaki mkuukuu hadi nyuma ya masikio. Ana miaka 76. Hajipambi. Anaogopa kuonekana mzee, kwa sababu huku kwetu mvi zimewaponza wengi: leo mtu ataitwa mchawi, kesho kutwa watavamia nyumba yake usiku na mapanga.

Unajua, nasi tunajua, kwamba mara nyingi uchawi ni kisingizio. Kinachotafutwa ni shamba. Na linaloniuma ni kwamba wanaonyooshewa kidole kwa mauaji hayo si wageni. Ni watoto na wajukuu, vijana wa rika langu.

Sitawatetea wauaji. Hao wana polisi na mahakama. Mimi nasema juu ya kile kinachotangulia panga, nacho ni kimya. Nimeishi na babu tangu utotoni bila kujua shamba letu linaishia wapi, wala kwa nini baba zangu wadogo hawasemezani. Yeye alidhani nikiuliza, nangoja afe. Mimi nilidhani asiponieleza, ananificha. Siku ile, kichwa chake kikiwa mikononi mwangu, ndipo nilipothubutu kuuliza. Aliinuka hata piko haijakauka, akanipeleka hadi kwenye mkorosho wa mwisho, akafukua majani kwa fimbo, akanionyesha jiwe lililochimbiwa na marehemu baba yake. Tulirudi giza limeingia, bado anazungumza.

Wazee na vijana wa huku hukutana matangani, na hata huko wazee wako mkekani, vijana wako kwenye disko. Ardhi huanza kutajwa baada ya mwenye kuijua kuzikwa.

Mwaka 1913, Waingereza walipotaka vijana wa Kigiriama wawe vibarua wao, aliyezunguka akiwahimiza watu wakatae ni Mekatilili wa Menza, na wakati huo hakuwa msichana. Walimkamata wakampeleka Kisii, mbali na kwao. Leo ana sanamu Malindi. Lakini angekuwa hai, na mvi zake, je, angelala kwa amani katika kijiji chetu?

Inua Jamii, mpango wa serikali wa kusaidia wasiojiweza, humpa mzee wa miaka 70 na zaidi shilingi 2,000 kwa mwezi, na tunashukuru, unga unapatikana. Ila pesa hiyo haimfanyi mjukuu aketi naye. Kila tarehe 1 Oktoba, Siku ya Kimataifa ya Wazee, wazee huitwa peke yao, wapewe hotuba, warudi nyumbani kwa vijana wale wale wasiosikia hata neno moja la hotuba hiyo.

Mheshimiwa, vyuo vya ufundi vya vijijini viko chini ya kaunti. Naomba vifunguliwe kwa wazee siku moja kila wiki. Mzee asimulie ukoo na mipaka ya shamba, kijana aandike na kurekodi kwa simu, majirani na chifu washuhudie, na mwenye shamba atie dole gumba angali hai. Hapo hapo kijana amfundishe mzee kusoma ujumbe wa pesa kwenye simu yake mwenyewe, asitegemee macho ya mtu. Wote wawili watakuwa wamefundisha, na wote wawili watakuwa wamefundishwa. Najua wapo watakaokuja mwanzoni kwa ajili ya shamba tu. Waje. Hata mimi nilianza kwa kuuliza shamba.

Babu amekubali kuwa wa kwanza kuzungumza katika chuo kilicho karibu nasi. Ameniuliza kama siku hiyo itabidi apake piko. Sijamjibu, Mheshimiwa. Nasubiri jibu lako.

Mjukuu wa Ganze