Wanaoanza wapewe Python kwenye bodi ndogo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe maoni kuhusu vilabu vya sayansi vya shule za sekondari, ambavyo baadhi yake vikipata bodi za maikrokontrola, yaani kompyuta ndogo za kuendesha taa na vihisi, huwaanzishia wanafunzi lugha ya programu ya C kwa hoja kwamba ndiyo lugha ya mafundi. Hoja hiyo ina ukweli wake, kwa kuwa C ina kasi na haili kumbukumbu nyingi. Lakini anayeanza hana haja na kasi hiyo, ana haja ya kuona mara moja alichoandika kimefanya nini.

Mwaka 2013 Damien George, mwanafizikia wa Australia, alichangisha fedha mtandaoni ili atengeneze MicroPython, yaani toleo la lugha ya programu ya Python linalotosha ndani ya bodi za namna hii. Tawi lake, CircuitPython, linaloendelezwa na kampuni ya Adafruit ya Marekani, ndilo ninalolipendekeza kwa shule, kwa sababu halidai kusakinisha chochote kwenye kompyuta za maabara, ambazo mara nyingi nywila yake anayo mtu mmoja, naye yuko likizo. Tuchukue mfano wa bodi ya Raspberry Pi Pico, iliyoanza kuuzwa Januari 2021 kwa dola 4 za Marekani, japo ikifika kwetu bei hupanda. Ukibonyeza kitufe cha BOOTSEL huku ukichomeka waya wa USB, bodi hutokea kwenye kompyuta kama flashi. Unanakili humo faili moja la CircuitPython, na maandalizi yamekwisha. Faili hilo likishapakuliwa, linatosha kwa bodi zote za klabu bila intaneti. Kisha mwanafunzi akiwa na programu ya kuwasha na kuzima taa ndani ya faili la code.py lililomo kwenye bodi, hulifungua, akabadili muda wa kusubiri kwa sekunde, time.sleep(0.5) kuwa time.sleep(0.1), akahifadhi, na papo hapo taa ya bodi ikaanza kuwaka na kuzima upesi zaidi.

Walimu watakaojaribu wachunge mambo mawili. Nyaya nyingi za kuchajia simu hupitisha umeme bila data, hivyo kompyuta haiioni bodi, na darasa zima likaamini ni mbovu. Pili, pini za Pico ni za volti 3.3, kihisi cha umbali cha HC-SR04 kinachotumia volti 5 kisiunganishwe nazo moja kwa moja, bali pini yake ya Echo ipitishwe kwanza kwenye rezista mbili za kugawa volti.

Mwalimu wa Fizikia,
Morogoro