Antivairasi ya bure kwenye Linux ya kazini, soma leseni kwanza

Ndugu Mhariri,

Naomba kanafasi kwenye ukurasa wa barua, maana hili swali la antivairasi gani ya bure inafaa kwa laptop ya Linux (mfumo wa kuendesha kompyuta, mbadala wa Windows) linajibiwa ovyo kila likiulizwa na wanaoumia ni wale wanaotumia hizo laptop kazini, wenye mafaili ya watu wengine mikononi.

Majibu huwa ni mawili tu. Kuna wa kusema Linux haina virusi achana na hayo mambo, na kuna wa kukumwagia orodha ya "antivairasi bora za bure" ambayo ukiifuatilia jina kwa jina unakuta nyingi zilishakufa. Sophos ya bure ya Linux haipo tena, F-PROT ilifungwa 2021, Comodo ya Linux imekaa miaka na miaka haijaguswa, ukijaribu kuiweka kwenye Ubuntu (aina mojawapo ya Linux) ya siku hizi inagoma inadai kipande cha programu kiitwacho libssl 0.9.8 ambacho kilishatupwa zamani, na watu wanahangaika kuitafuta hiyo libssl mitandaoni ili tu antivairasi ikubali kukaa! Jamani. Antivairasi inakaa na ruhusa za root, zile za juu kabisa kwenye mashine, na inafungua kila faili linaloingia, sasa kama haipati apdeti hayo matundu yake nani atayaziba? Bora usiwe nayo kabisa.

Na huyu wa "Linux haina virusi" naye amekosea. Programu haribifu ya Mirai ya 2016 ilijaa kwenye kamera na ruta zinazoendeshwa na Linux, mwaka huohuo tovuti ya Linux Mint ilivamiwa wakawekewa watu ISO (faili la kusakinishia mfumo) yenye mlango wa nyuma wa kuingilia wavamizi, Machi 2024 ukagundulika mlango mwingine ndani ya xz, programu ya kubana mafaili inayokuja na Linux nyingi, toleo la 5.6.0 na 5.6.1. Ila hiyo ya xz haikukamatwa na antivairasi yoyote, aliyeishtukia ni mtengeneza programu Andres Freund baada ya kuona ssh, ile ya kuingia kwenye mashine kwa mbali, inachelewa kidogo na inakula CPU bila sababu. Kwa hiyo ulinzi wa kwanza wa hiyo laptop ni apdeti za mfumo kila zinapotoka, programu kuchukua kwenye hazina rasmi ya distro yako, yaani ghala la programu la aina yako ya Linux, na sio kwa kubandika amri za kuokoteza kwenye terminali, na diski iwe imefungwa kwa LUKS, isisomeke bila nenosiri, ili ikiibiwa waambulie chuma tu. Antivairasi inakuja baada ya hapo, na kazi yake kubwa kazini ni kukamata virusi vya Windows na dokumenti zenye makro chafu (vijiamri vilivyofichwa ndani yake) ambazo wewe hazikugusi lakini ukizifowadi kwa mwenzako wa uhasibu zinamgusa yeye.

Sasa nije kwenye lililonifanya niandike, yaani leseni. Programu kibao zinazoitwa za bure zimeandika kwenye mkataba wake kwamba ni bure kwa matumizi binafsi ya nyumbani. Ukiiweka kwenye mashine unayofanyia kazi ya mwajiri umeshavunja mkataba, na siku wakaguzi wakija anayeulizwa ni kampuni. Watu wanabonyeza Nakubali bila kusoma hata mstari mmoja. Ndo maana mimi mtu akiniuliza namwambia ClamAV, na simwambii kwa sababu ndo inayokamata kuliko zote, hapana, za kulipia zinaizidi, ila ipo chini ya GPL toleo la 2, leseni huria isiyobagua nyumbani na kazini, kwa hiyo ofisini unaitumia bila kumuomba mtu, inatunzwa na Cisco tangu walipoinunua Sourcefire, kampuni iliyokuwa ikiimiliki, 2013, na ipo tayari kwenye hazina za Debian, Ubuntu na Fedora.

Lakini kuiweka tu haitoshi na hapa ndo wengi wanapoishia. Hakikisha freshclam, inayoleta orodha mpya za virusi, inajiendesha yenyewe, manake bila hiyo unaskani kwa orodha ya zamani. Ukiwa na RAM ndogo jiandae, inabeba orodha yote ya virusi kwenye kumbukumbu na inakula zaidi ya GB moja, na clamscan, amri yake ya kuskani, inaipakia upya kila ukiiita, ndo maana faili moja dogo linachukua muda mrefu, tumia clamdscan na deimoni yake clamd, inayokaa nyuma ikiwa imeshaipakia orodha. Kingine ambacho hakisemwi: faili likizidi ukubwa uliowekwa kwenye mipangilio linarukwa halafu unaandikiwa OK, mtu anaamini limekaguliwa kumbe wapi, ongeza --alert-exceeds-max kwenye clamscan, au AlertExceedsMax yes kwenye clamd.conf kama unatumia clamdscan, uambiwe ukweli. Ukitaka ulinzi wa papo hapo ipo clamonacc, ila isipobadilishwa inatoa taarifa tu haizuii, mpaka uweke OnAccessPrevention yes kwenye clamd.conf. Ukimaliza jaribu na faili la EICAR la kupimia antivairasi, herufi 68 tu zisizo na madhara, kama halikukamatwa basi ujue hujamaliza.

Na naomba sana hili mlikolezee wino: dokumenti ya ofisi ukiishuku usiipeleke VirusTotal, ile tovuti inayokagua faili kwa antivairasi nyingi kwa mpigo. Kule faili linabaki na linagawiwa kwa washirika wao, watu wa nje wanaolipia wanaweza kulipakua, sasa fikiria hilo lilikuwa mkataba wa mteja au orodha ya mishahara. Piga amri ya sha256sum upate hashi, namba inayolitambulisha faili kama alama ya kidole, tafuta hiyo hashi peke yake kule VirusTotal, kama wanalijua utaona majibu bila hata herufi moja ya dokumenti kutoka kwenye mashine yako.

Halafu kabla ya yote muulize jamaa wa IT. Unaweza kukuta kampuni inalipia tayari ulinzi wenye toleo la Linux na hakuna aliyekwambia.

Ombi langu kwenu Mhariri, mkichapa tena ushauri wa aina hii, kila jina liandikiwe pembeni leseni yake inaruhusu kazini au nyumbani tu, na apdeti yake ya mwisho ilitoka mwaka gani.

Ni mimi msomaji wenu.