Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Mwaka 2025

Wanachama wenzangu salaam, shikamooni wazee, na vijana mambo vipi. Mambo ya hela ataongea mhazini, mi nisiwachoshe, akaunti ipo sawa na tumevuka mwaka bila deni. Pole kwa waliofiwa, hongera kwa waliojaliwa watoto. Sasa niingie kwenye safari ya Blythburgh manake ndo mnaniuliza kila siku kwenye grupu.

Kwa ambao hamkuja, Blythburgh ni kijiji kidogo Suffolk, mashariki mwa Uingereza, kando ya barabara ya A12, nyumba chache, baa moja, alafu ghafla juu ya kilima unaona kanisa kubwa la Holy Trinity limekaa juu ya tope la mto Blyth kama meli imepwelewa. Refu karibu futi 130, madirisha ya juu 18 kila upande, na wote mlioshuka kwenye basi swali lenu lilikuwa moja tu, kijiji kama hiki kilipata wapi hela ya kujenga hili?

Jibu ni kwamba hakikuwa kijiji. Karne ya 15 Blythburgh ilikuwa mji wa bandari, wa samaki na biashara, na watawa wa Kiagostino walikuwa na nyumba yao pale pale. Mnara ni wa karne ya 14, lakini sehemu kubwa iliyobaki ilijengwa upya karne ya 15, mwaka 1412 ndo watawa walipopewa ruhusa ya kujenga upande wa madhabahu. Alafu mto ukajaa tope, meli nazo zikawa kubwa zaidi, zikashindwa kupanda mto, watawa wakafungiwa nyumba yao na serikali ya mfalme Henry VIII, na mwaka 1676 moto ukaunguza sehemu kubwa ya mji. Basi, waliobaki ni wachache na kanisa la mji mzima mikononi mwao.

Mi nasema hivi, na najua katibu wangu hakubaliani: umaskini ndo uliolilinda hilo kanisa. Karne ya 19 parokia zenye hela nyingi huku Uingereza zilivunja vitu vya zamani zikaweka vipya vya kung'aa. Blythburgh hawakuwa na uwezo huo. Dari lilivuja mpaka watu wanasali na miavuli, na Desemba 1881 askofu wa Norwich akalifunga kabisa kwa hatari. Likafunguliwa tena 1884, na katikati hapo chama cha William Morris cha kulinda majengo ya kale, kilichoanza 1877, kilivutana sana na waliotaka kutengeneza kila kitu upya. Ndo maana rangi mnayoiona darini, nyeupe yenye maua mekundu na kijani yaliyofifia, ni ile ile ya zamani, hakuna aliyepaka juu yake.

Sasa wale malaika wa mbao kule juu, waliotandaza mabawa. Mama mmoja wa kwetu alilala chali kwenye benchi ili awaone vizuri na mwangalizi wa kanisa akacheka tu, akasema wengi wanafanya hivyo. Mwaka 1644 wakati wa vita vya Bunge na Mfalme alipita hapa William Dowsing, kazi yake kuvunja sanamu makanisani, akaagiza picha zaidi ya 200 ziondolewe ndani ya siku 8. Malaika wana matundu ya marisawa, na miaka mingi watu walisema ni askari wa Dowsing waliwapiga risasi. Lakini daftari la mahesabu la kanisa la 1761 linaonyesha malipo ya baruti na risasi za kuulia kunguru waliokuwa wanaishi ndani! Kumbe malaika walipigwa kwa bahati mbaya tu, na Dowsing akabebeshwa lawama za kunguru, ingawa yeye naye hakuwa mtu wa kuonewa huruma.

Mlango wa kaskazini una alama za kuungua, wenyeji wanasema ni kucha za mbwa mweusi wa shetani aliyeingia Jumapili ya tarehe 4 Agosti 1577. Siku hiyo kweli kulikuwa na dhoruba, ncha ya mnara ikaanguka ndani, watu wakafa na birika la ubatizo likaharibika. Mi naamini radi. Watoto wetu wanaamini mbwa, na wameshinda kura.

Mafundi wetu wa ujenzi ndo walinifurahisha zaidi, walisimama nje nusu ya muda wanashika ukuta wa gumegume na kubishana kuhusu chokaa. Yule mzee wetu wa Unguja aliwaeleza vijana kwamba ni kama Mji Mkongwe, ukuta wa chokaa unapumua, ukiziba kwa saruji unyevu unabaki ndani na jiwe linaanza kumeguka. Na hapa huwezi kujiamulia, jengo ni la Daraja la Kwanza, yaani ngazi ya juu kabisa ya majengo yanayolindwa kisheria, matengenezo lazima yapitie ruhusa ya dayosisi. Gharama ni kubwa na Aprili 2025 serikali iliweka kikomo cha paundi 25,000 kwa mwaka kwa kila jengo kwenye ile ruzuku iliyokuwa inawarudishia makanisa ya kale VAT waliyolipa kwenye matengenezo, sasa pigeni hesabu ya dari moja. Kamati imekubali kile tulichochanga kwenye basi kiingie kwenye sanduku lao la matengenezo, na tayari kimeingia.

Mwaka ujao wengi mmeomba Greensted kule Essex, kanisa la kuta za magogo ya mwaloni yenye miaka zaidi ya 900. Mhazini atatoa bei ya basi baada ya mkutano, na wenye ada ya mwaka huu bado mkononi tafadhali msikae siti za mbele.