Kabla ya kukodi Kosta kwenda kwenye zabibu

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wenzangu wa vikoba. Juni tulikodi Kosta, akina mama 26 wa Kihesa hapa Iringa, twende Dodoma kuona mashamba ya zabibu na jinsi mvinyo unavyotengenezwa. Tulichanga miezi minne. Njia ya Mtera ni lami, na pale bwawani tulishuka tukapiga picha, tukanunua samaki. Raha tupu.

Hombolo, kwenye mashamba yenyewe huko Dodoma, ndipo tulipoishiwa nguvu. Vichala vilikuwa vya kijani, vigumu kama njegere mbichi. Mkulima mmoja akatueleza kwa upole kwamba wao huvuna mara mbili kwa mwaka: karibu na Machi, kisha Agosti na Septemba. Kiwandani nako, Jumapili, geti limefungwa. Dalali aliyetupangia safari na kupokea hela yote mapema, simu hapokei. Bibi yetu wa miaka 71 alikaa kwenye ngazi ya gari, kanga begani, akilitazama lile geti.

Wenye mashamba na viwanda, tafadhali tangazeni msimu na siku za kupokea wageni. Na sisi tusimalize malipo kabla ya kusikia kwa masikio yetu kwamba tunasubiriwa huko. Septemba tunarudi, safari hii simu nimepiga mwenyewe.

Mama wa kikoba,
Kihesa, Iringa