Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Ndugu wanachama,

Nawashukuru mliotoka Tukuyu, Mafinga na Makambako kwa baridi hii ya Julai mkafika Mbeya salama. Habari za ada na ukaguzi atazisoma mhazini. Mimi nitazungumzia kiolezo kimoja, yaani muundo mmoja wa kurasa unaotumiwa na majarida yetu yote ya mtandaoni, kazi iliyotutoa jasho kuliko zote mwaka huu.

Mnakumbuka tulikotoka. Jarida la chai lilikuwa na kichwa cha kijani, la viazi chekundu, na la mpunga wa Kyela lilibadilika sura kila lilipopata mhariri mpya. Tulipobadili namba ya simu, ilibidi tufungue ukurasa mmoja mmoja kusahihisha, na nyingine tukazisahau. Mama mmoja wa Rungwe alipiga namba ya zamani wiki nzima akitafuta bei ya mbegu. Jambo hilo liliniumiza sana.

Sasa habari zinakaa peke yake, na mwonekano wote uko kwenye faili moja la mtindo, yaani CSS. Wazo hili lina umri: Håkon Wium Lie alilipendekeza mwaka 1994 akiwa CERN, kituo cha utafiti wa fizikia huko Uswisi, na W3C, shirika linaloweka viwango vya wavuti, likaliidhinisha Desemba 1996. Wasomaji wetu walipolalamika kuwa maandishi hayasomeki kwenye simu, tulibadili mstari mmoja tu, na siku hiyohiyo majarida yote yakasomeka. Zile picha kubwa za juu pia tumeziondoa. Zilikuwa zinamaliza bando la mkulima kabla hajafika kwenye habari.

Tawi moja lilinakili kiolezo likakirekebisha kivyake, na marekebisho ya baadaye hayakulifikia. Siwalaumu. Walitaka rangi inayowatambulisha, nasi viongozi hatukuwauliza kabla ya kuanza. Kosa hilo ni letu. Sasa kila tawi limetengewa rangi yake ndani ya faili mama, yaani lile faili moja la mtindo, na wenzetu hao wamerudi.

Limebaki ombi moja. Faili mama lina mtu mmoja tu anayelitunza, kijana wa Iringa anayejitolea, na akiugua hakuna wa kugusa chochote. Naomba mkutano huu umteue msaidizi wake leo, kabla hatujaingia kwenye mengineyo.