Risala ya Klabu ya Historia kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Kumkumbuka Kanyama Chiume

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Shule, walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu,

Karibu sana Dodoma. Ujio wako ni heshima kubwa kwetu.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, leo tunamkumbuka Murray William Kanyama Chiume, aliyezaliwa Usisya, kando ya Ziwa Nyasa, katika nchi iliyoitwa Nyasaland, sasa Malawi, mwaka 1929. Alisoma Tanganyika na Makerere, akafundisha hapa Dodoma, kisha akarudi kwao kudai uhuru. Mwaka 1956 aliingia Baraza la Kutunga Sheria. Malawi ilipojitawala Julai 1964 alikuwa waziri. Septemba mwaka huohuo, Waziri Mkuu Kamuzu Banda akamfuta kazi. Akakimbilia Tanzania, akaishi kwa kalamu, akatuandikia vitabu kwa Kiswahili. Alirudi Malawi mwaka 1994, akafariki 2007. Kwetu sisi, alizitumikia nchi mbili.

Klabu yetu, yenye wanachama 23, imepata mafanikio makubwa. Tumeshika nafasi ya pili kwenye mdahalo wa kata, na jina la shule limevuma kote. Tumekusanya pia vitabu 61 vya historia ya ukombozi.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, vitabu hivyo vimo ndani ya sanduku la bati, ofisini kwa Mkuu wa Shule. Anayetaka kusoma husubiri ofisi ifunguliwe. Boma la maktaba lipo, unaliona hapo nyuma ya jukwaa. Wazazi walifyatua matofali, sisi tukachota maji, kuta zikafika kwenye lenta. Zimesimama hapo misimu mitatu ya mvua, na kona ya mashariki imeanza kumomonyoka.

Mwaka juzi mgeni rasmi alituahidi mabati, tukampigia makofi. Mwaka jana mgeni mwingine aliahidi mabati na mbao, tukapiga makofi zaidi. Fundi ameshakuja kupima mara mbili. Hatusemi haya kwa kumlaumu mtu. Tunajua viongozi wana majukumu mengi. Ila wenzetu wawili walioandika risala zile wamekwisha kuhitimu bila kuketi ndani ya maktaba hiyo hata siku moja.

Kwa heshima na taadhima, tunaomba mabati 48 ya geji 28, mbao za kupaulia na misumari. Fundi tutamlipa wenyewe. Katibu wetu ana daftari mezani. Tutashukuru sana ukituandikia, pamoja na kiasi, tarehe ambayo mzigo utafika.

Tunaomba kuwasilisha.